Isale la Mistari ya Njano

Jumanne, 3 Septemba

Saa moja na nusu. Jua limefika ukuta wa jiko. Nimechora mstari kwa chaki ya kushonea. Saa tatu limefika ngazi ya mlango wangu. Mstari mwingine. Saa nne na robo limeingia nyuma ya mparachichi na halikutoka tena mpaka saa tisa, na hapo ni vipande vipande tu. Basi nina jua la asubuhi, la muda wa saa tatu kasoro kidogo. Nimepima watu kwa tepu miaka thelathini. Jua nalo linapimika.

Nataka maua kwenye uwanja huu. Mengi. Yenye rangi za kuumiza macho.

Shemeji yangu Elisante, mdogo wa marehemu mume wangu, alitangaza siku ya kumaliza matanga kwamba hakuna kuchimba wala kupanda kitu kwenye ardhi hii mpaka ukoo ukae. Huku Meru aliyepanda ndiye mwenye mahali. Ukiazimwa shamba unapanda mahindi na maharage, unavuna, unaondoka. Hupandi mgomba. Kwa hiyo mjane naye asipande hata ua, asije akaota mizizi. Nimeishi nyumba hii miaka ishirini na saba. Mizizi anayoiogopa ilishaota zamani.

Kikao kimepangwa Oktoba. Anataka nihamie kwa binti yangu Naomi, Sombetini, vyumba viwili na watoto wanne. Nyumba ibaki kwa ukoo. Ukoo maana yake yeye.

Lakini alisema ardhi. Hakusema kitu kuhusu vyungu.

Alhamisi, 5 Septemba

Tengeru, kwa Mama Gladi, anayeuza miche kando ya barabara. Nimechagua kwa macho, kama ninavyochagua kitenge. Boganvilia mbili, ile rangi ya waridi inayopiga kelele. Petunia kumi na mbili za zambarau. Mama Gladi akauliza jua langu ni la asubuhi au la jioni, na pana kivuli kiasi gani. Nikamwambia jua ni jua, mama, nifungie. Akafunga.

Nina vyungu vitatu vya udongo. Vingine ni ndoo za rangi, sufuria la pilau lililotoboka, na beseni alilokuwa anaogeshewa Naomi. Sioni aibu. Vinapangika.

Jumamosi, 14 Septemba

Boganvilia zimepukutisha majani yote. Fimbo mbili zenye miiba. Petunia zimerefuka shingo kama watu wanaochungulia dirishani, na ua hata moja hakuna. Nne zimeoza kabisa.

Elisante alipita na maziwa yake. Akasimama, akatazama. "Pole, shemeji. Hapo kivuli kimezidi. Hata marehemu alishindwa." Alifurahi. Nilimwona alivyofurahi, mpaka hatua zake zilikuwa nyepesi.

Kosa ni langu. Nilipima jua kwa chaki, nikaandika, halafu nikaenda kununua kana kwamba sikupima. Mteja angenifanyia hivyo, apimwe kiuno halafu achague gauni la mtu mwingine, ningemfukuza dukani.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimerudi Tengeru na karatasi yangu ya saa. Mama Gladi ameisoma yote. Hakucheka. Mwanamke mzuri sana huyu.

Amenifundisha kitu nilichopaswa kukijua kwa kazi yangu mwenyewe. Kivulini rangi nzito hupotea. Ukiweka rangi ya damu ya mzee peke yake kwenye kona ya giza, ukiwa hatua kumi huioni, unaona shimo. Lazima uitie ukingo: nyeupe, waridi hafifu, kijani cha ndimu. Ni kama kola nyeupe kwenye sare ya kwaya. Na rangi isitegemee maua tu. Maua hupumzika. Majani yenye rangi hayapumziki.

Nimechukua: koliasi tisa, majani ya damu ya mzee yenye ukingo wa njano na kijani. Begonia za rangi ya chungwa sita, za waridi sita. Miche mitatu ya yale maua yanayoning'inia kama hereni, nje mekundu, ndani zambarau. Na mmea mmoja wa majani mapana kama ya magimbi, meupe, mishipa myekundu. Mama Gladi kanionya kwamba huo haupendi baridi. Juni na Julai ukungu ukishuka kutoka mlimani utalala chini usionekane, na watu watasema umekufa. Nimeuchukua kwa sababu hiyo hiyo.

Jumatano, 18 Septemba

Nimepanda kutwa. Mgongo unauma vizuri.

Udongo nao nimeununua Tengeru, magunia mawili, samadi na mchanga vimeshachanganywa. Elisante alikuwa anachungulia kutoka barazani kwake aone kama nachimba. Sijachimba. Nimemwonyesha magunia. Udongo wa vyungu vyangu si wa ukoo, ni wa Mama Gladi.

Nimetoboa ndoo kwa msumari wa moto, matundu matano kila moja, na chini nimeweka vigae. Petunia hazikuuawa na kivuli tu. Niliziua mimi kwa maji. Kivulini maji hayakauki haraka. Sasa natia kidole kwanza, kidole kikitoka na unyevu naacha.

Kila chungu kina mmoja mrefu katikati, wawili wa kujaza, na kitu cha kumwagika pembeni. Sufuria la pilau limetokea bora kuliko vyungu vyote.

Jumapili, 22 Septemba

Mama mkwe amekuja. Anaishi kwa Elisante, nyumba ya pili ya uwanja huu huu. Macho yake yamefifia. Nyuso hazioni tena, anatujua kwa sauti na kwa vikohozi vyetu.

Nilimwamkia. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alikuwa amesimama mbele ya begonia za chungwa, shingo ameinamisha. Kisha akasema, "Mama Naomi, hiki ninakiona."

Alitembea chungu hadi chungu na fimbo yake. Hiki anakiona. Hiki hakioni. Hiki anakiona kidogo. Alichoweza kuona kilikuwa kile kile alichosema Mama Gladi, chungwa na nyeupe na ukingo wa njano. Akaondoka bila kuaga, ndivyo alivyo. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, kisha nikavipanga vyungu upya ili vinavyoonekana viwe njiani kwake.

Jumamosi, 28 Septemba

Imebaki kona moja yenye giza, pale karibu na kaburi la Baba Naomi. Inataka kitu kirefu chenye mwanga. Kwa Mama Gladi nimeona isale, lakini si lile la kawaida la kijani tupu. Hili lina mistari ya njano katikati ya kila jani, toka shina hadi ncha, imenyooka kama imepigwa kwa rula. Nimelinunua hapo hapo.

Nimelihamishia kwenye chungu kikubwa cha udongo na kulimwagilia. Lilikuwa linavuja. Nikaliweka lichuje kwenye pembe ya baraza ya Elisante, kwa sababu saa nne jua likiondoka kwangu, pale bado linabaki. Kisha nikaenda mjini kupeleka sare za kwaya.

Nimerudi saa kumi na moja. Chungu hakipo. Nimekiona kupitia mlango wake uliokuwa wazi. Kiko sebuleni kwake, juu ya kitambaa cha meza. Sikuelewa. Labda amependa. Nitakifuata kesho.

Jumapili, 29 Septemba

Nimeelewa.

Baada ya ibada Elisante amekuja na wazee wawili wa ukoo, mmoja wao Mzee Anaeli ambaye ndiye anayeongoza vikao. Suti. Tabasamu. Elisante akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Shemeji, tumepokea. Umefanya jambo la kiutu uzima. Mimi nimesamehe, na mbele ya wazee hawa nasema nimesamehe."

Kila mtu wa huku anajua isale ni nini. Limepandwa makaburini, limepandwa mipakani. Na mwenye kosa hulibeba akampelekea aliyemkosea. Likishafika, aliyepelekewa hawezi kukataa, ugomvi unakufa. Mimi ni Mnyiramba wa Singida, lakini kwa miaka hii yote siwezi kujifanya mgeni. Nilijua. Sikufikiri tu. Niliona mistari ya njano, sikuona isale.

Sasa ukoo mzima unaambiwa nimekiri. Nimekiri ukaidi, nimekiri kupanda bila ruhusa, na tarehe kumi na mbili nitakubali kuondoka kwa amani. Nilifungua mdomo, na Mzee Anaeli akawa ameshaanza kuomba sala ya kufunga. Mtu anaombewa sala nyumbani kwake asipate nafasi ya kusema hapana!

Nina hasira. Nimeshona mfuko upande usio wake.

Jumanne, 1 Oktoba

Naomi kwenye simu. "Mama, si amekusamehe tu? Acha iwe hivyo. Njoo ukae na sisi." Ananipenda. Amechoka kuniwazia. Lakini kusamehewa kosa ambalo sikulifanya ni kupewa kosa.

Nimefikiria kwenda kukichukua chungu. Siwezi. Kurudisha isale lililokwisha kupokelewa ni kutangaza vita, na hapo kweli nitakuwa na kosa. Nimefikiria pia kunyamaza kijanja. Amepokea mbele ya wazee, kwa hiyo hana tena haki ya kunishitaki kwenye kikao. Ningeweza kushinda hivyo. Ningekaa nyumba yangu kwa uongo, na kila asubuhi nikimwagilia ningeukumbuka.

Koliasi zinahitaji kukatwa vichipukizi vya juu ili zitanuke. Nimevikata vyote. Labda nimevikata kwa nguvu kupita kiasi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Konokono wamekula jani moja kubwa jeupe. Nimewaokota kumi na mmoja. Begonia zimezidi kuchanua. Maua ya hereni yamechanua. Wanafunzi wa chuo wanaopita kwenda Makumira wanasimama getini kupiga picha. Mmoja aliuliza nani fundi wa bustani hii. Nikasema mimi, na sauti yangu ilitoka kubwa.

Mama mkwe anakuja kila siku sasa. Hatuzungumzi kikao. Anakaa upande wa vyungu vya chungwa.

Ninaogopa. Niandike tu, hakuna anayesoma. Ninaogopa kuondoka hapa nikiwa na miaka hamsini na tisa, na cherehani nyuma ya kirikuu cha mizigo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kikao.

Watu kama ishirini, viti vya plastiki na mabenchi ya kanisa, hapo uwanjani kati ya nyumba mbili. Nilivaa gauni la chungwa. Nimevaa nyeusi miezi tisa, inatosha. Dada mmoja wa ukoo aliguna. Nilimwacha agune.

Elisante akazungumza kwanza, vizuri, kwa upole. Akaingia ndani, akatoka amebeba chungu changu, akakiweka chini katikati ya watu, kwenye jua kali. "Isale lenyewe ni hili. Shemeji amelileta mwenyewe. Hatuna ugomvi. Tumalizie tu habari ya kuhama."

Nilisimama. Nilisema maneno machache na nimeyahifadhi:

"Sikulileta. Niliweka ua mahali penye jua, lichuje maji. Kama ningekuwa na kosa, ningelishika mkononi, ningempata mtu wa kunisindikiza, ningesema kosa langu kwa mdomo wangu. Sina. Kupanda maua kwenye sufuria si kosa. Kukaa kwenye nyumba niliyoijenga na mume wangu si kosa. Lakini isale sasa liko katikati ya ukoo, na si mimi niliyeliweka hapo. Basi aliyemkosea mwenzake alichukue ampelekee."



Kisha mama mkwe, ambaye nilidhani amesinzia, akauliza kwa sauti kubwa, "Isale gani hilo? Lile la dukani, la chungu, lenye samadi? Elisante, ulilipokea hilo?" Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Elisante alibadilika uso.

Mzee Anaeli akainuka. Akasema isale likiwa limesimama katikati hakuna kikao kinachoweza kuendelea. Yeye mwenyewe alisali kwa ajili yake, na sasa anaona alisali mapema. Halitaondolewa na wazee. Atakayeliondoa ndiye amekiri kosa, na likishaondoka kesi imekwisha, hataitisha kikao kingine. Akavaa kofia. Wakaondoka bila kula.

Sikushinda. Sikushindwa. Chungu kiko pale.

Jumatatu, 14 Oktoba

Bado kiko pale. Elisante anakizunguka akienda kukamua. Mimi nakizunguka nikienda bombani. Njia mbili mpya zimeanza kuonekana kwenye nyasi.

Mahali pale kivuli cha mparachichi hakifiki, jua ni la muda wa saa nane kwa siku. Isale hili halitaki zaidi ya saa tatu.

Jumatano, 16 Oktoba

Ncha za majani zimekuwa kahawia. Nimevimwagilia vyungu vyote isipokuwa hicho. Nilifika karibu nikiwa na ndoo mkononi. Nikarudi. Nikimwagilia watasema nimeanza kulegea. Najidharau kidogo. Mmea haukumkosea mtu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Joto baya. Mijakaranda ya mjini imeshika zambarau kila barabara, nilienda kununua uzi. Nimerudi, mistari ya njano imepauka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Majani mawili yamelala.

Mama mkwe leo alipiga chungu kwa fimbo, nko, nko, aone kama kina maji. Kilitoa sauti ya ukavu. Akatugeukia, mimi kwenye ngazi yangu na mwanawe kwenye baraza yake. "Mnaua mti kwa midomo yenu. Nilikuwa naanza kuuona." Akaingia ndani. Chakula cha jioni alikataa, kwangu na kwa mwanawe.

Nilikuwa nimeshaamua. Kesho nitalitoa mimi. Nikafika hadi mlangoni kulitazama. Kisha nikakumbuka kiti cha marehemu, Elisante alivyokikalia. Nikafunga mlango. Silitoi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeamka saa kumi na mbili kuwasha jiko. Nimefungua mlango, na chungu kiko kwenye ngazi yangu. Kwenye mstari wa chaki wa saa tatu, sawasawa. Udongo umelowa hadi chini, matundu yalikuwa bado yanadondosha. Majani yaliyoungua yamekatwa kwa kisu, vizuri, kwa mkato wa mshazari.

Ukutani kando yake, jembe. La Elisante. Nalijua kwa mpini wake uliofungwa waya.

Alikuwa kwenye baraza yake anafunga buti za mvua. Aliinuka. Alikuja hadi katikati ya uwanja, pale palipobaki duara la udongo mkavu, akasimama na kofia mkononi. Mama mkwe alikuwa nyuma yake mlangoni, amesimama wima, shahidi.

"Shemeji, nilikukosea," akasema. "Mimi."

Nikasema nimesikia. Isale likishafika huwezi kukataa, na sikukataa. Yaliyobaki yatachukua muda wake. Akaenda kukamua.

Nimekunywa chai. Nimefua. Saa tatu jua lilipofika kwenye mstari nimelichukua jembe nikaenda ile kona yenye giza, kati ya jiko na kaburi la Baba Naomi. Nimechimba. Udongo ni mweusi, mlaini, una minyoo mingi, bora kuliko wa Mama Gladi. Nimelitoa isale kwenye chungu, nikalipanda ardhini, nikakanyaga pembeni kwa mguu mtupu.

Mama mkwe alikuja jioni kuliangalia. Amesema analiona kidogo.

Jembe sijalirudisha. Nina mashimo mengine ya kuchimba.